Boda kuzuiwa Expressway ya Entebbe: ni halali?

Boda wa Kajjansi: Jamani, juzi nilibeba abiria anayewahi ndege. Geti la kulipia la Kajjansi, la kuingia Expressway (barabara ya mwendo kasi ya Kampala–Entebbe), nikarudishwa. Barabara ya zamani lori likanibana mpaka saidimira ya kushoto ikang'oka. Katiba, ibara ya 29, inanipa uhuru wa kutembea popote Uganda. Nazuiwaje?

Wakili Kijana: Pole kaka. Ibara ya 43 inaruhusu haki hiyo kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma. Pikipiki zenye injini kubwa, inayozidi cc 400, hulipa na kupita. Yako ya cc 100 itawezaje kati ya magari yanayokimbia kilomita 100 kwa saa?

Boda wa Kajjansi: Hapo nimekuelewa. Lakini kule barabara ya zamani tulikosukumiwa pamoja na malori, usalama wetu nani anaupima?

Mama Shakira: Swali zuri, mwanangu. Watuchoree njia yetu pembeni.