Uvimbe umepungua kidogo tu kwenye MRI: je, dawa inafanya kazi?

Binti_Mkubwa aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, ninamuuguza mama yangu, ambaye ana saratani ya titi na anapewa tibakemikali kabla ya upasuaji. Picha ya MRI iliyopigwa kabla ya kuanza dawa ilionyesha uvimbe wa milimita 42, na ile iliyopigwa katikati ya matibabu inaonyesha milimita 36. Ripoti inasema ugonjwa "umetulia", lakini mstari unaofuata unaeleza kwamba ADC imepanda kutoka 0.9 hadi 1.3 na kwamba hiyo ni dalili njema. Sielewi mambo hayo mawili yanapatanaje. Miadi ya daktari bado haijafika, nami ningependa kwenda nikijua la kuuliza.

Msoma_Picha alijibu:

Pole kwa kuuguza, dada. Ripoti hiyo haijipingi, kwa sababu kila mstari unapima kitu chake. Hilo la kutulia linatokana na vigezo vya RECIST, vilivyotolewa mwaka 2000 na kurekebishwa mwaka 2009, ambavyo hujumlisha vipenyo virefu vya uvimbe uliochaguliwa kufuatiliwa. Jumla hiyo ikipungua kwa asilimia 30 au zaidi, matibabu huhesabiwa kuwa yameitikiwa kwa sehemu. Ikiongezeka kwa asilimia 20 au zaidi juu ya kipimo kidogo kabisa kilichowahi kupatikana, na ongezeko lenyewe likafika walau milimita 5, ugonjwa huhesabiwa kuwa umeendelea. Aliye katikati ya mipaka hiyo huandikiwa kwamba ametulia, na mama, aliyepungukiwa na takriban asilimia 14, yuko hapo. Lakini uvimbe una ujazo, hauna kipenyo peke yake: ukiuchukulia kuwa mviringo kama mpira, kutoka milimita 42 hadi 36 ni kupoteza zaidi ya theluthi moja ya ujazo wake.

ADC ni habari nyingine kabisa. Hueleza jinsi maji yanavyosogea ndani ya tishu. Pale seli za saratani zilipobanana, maji hukosa pa kupita na namba huwa ndogo. Seli zinapokufa na kuta zake kupasuka, maji husambaa na namba hupanda, mara nyingi kabla uvimbe wenyewe haujaanza kusinyaa. Kwangu mimi kupanda huko kuna uzito, ila nisingekutegemea peke yake. Msomaji wa picha huchora duara juu ya uvimbe ili apate namba hiyo, na duara likisogea kidogo likaingia kwenye sehemu iliyokwisha kufa, matokeo hubadilika. Ulizeni kama picha zote mbili zilipigwa kwa mashine na mipangilio ileile.

Mwenza_wa_Mgonjwa alijibu:

Naomba kuongeza upande wa ubongo, kwa kuwa wengine watausoma uzi huu. Mume wangu alipomaliza mionzi pamoja na vidonge vya temozolomide, MRI ya kwanza ilionyesha eneo linalong'aa baada ya sindano ya gadolini (dawa ya kung'arisha picha) likiwa kubwa kuliko awali, nasi tukakata tamaa. Madaktari hawakubadilisha dawa. Walirudia picha baadaye, na eneo lile likawa limepungua bila tiba mpya.

Daktari_Mstaafu alijibu:

Aliyoyaeleza Mwenza_wa_Mgonjwa hapo juu yanajulikana vyema, na ndiyo sababu vigezo vya RANO vya mwaka 2010, vinavyotumika kwa uvimbe wa ubongo, vinataka tahadhari kabla ya kusema ugonjwa umeendelea katika wiki 12 za kwanza baada ya mionzi, isipokuwa pale uvimbe mpya unapotokea nje ya eneo lililochomwa au kipande cha tishu kinapothibitisha. Kinyume chake pia hutokea: dawa ya bevacizumab huziba uvujaji wa mishipa ya damu, mng'ao ukafifia ndani ya siku chache, ilhali saratani yenyewe bado ipo.

Kwa titi, binti yangu, kuna jambo linalofanana na hilo. Dawa za kundi la taksani zinaweza kupunguza mng'ao wa gadolini, hivyo mabaki ya saratani yakaonekana madogo kuliko yalivyo. Kwa sababu hiyo hata picha safi kabisa haimwondolei mgonjwa upasuaji. Jibu la mwisho hutoka maabara, tishu iliyokatwa inapochunguzwa kwa hadubini. Muulize daktari kama ujazo ulipimwa, na kama matokeo haya yanabadilisha chochote katika mpango wa dawa zilizobaki. Mara nyingi, kwa namba kama za mama, mpango huendelea kama ulivyo.

Binti_Mkubwa alijibu:

Nawashukuru sana. Nimeangalia tena: picha zilipigwa katika vituo viwili tofauti.

Msoma_Picha alijibu:

Basi chukueni diski ya picha za kwanza, si karatasi ya ripoti pekee, mkampe atakayesoma za pili ili apime zote mwenyewe. Tofauti ya milimita mbili tatu kati ya wasomaji wawili ni jambo la kawaida, na kwenu pengo zima ni milimita sita.