CNA (msaidizi wa muuguzi mwenye cheti) Texas: mwajiri wa zamani kanikata dola 850 isivyo halali, sasa wamegoma kusaini na cheti kimekufa

Wakuu, saa hizi ningekuwa kwenye shifti yangu ya kwanza kwenye kazi mpya. Nipo nyumbani na mtoto mgongoni. Jumanne wamenipigia simu kwamba nisije, rejista ya jimbo inaonyesha cheti changu kimeisha muda. Nimetunza wazee wa watu miezi 16, sijaandikiwa kosa hata moja, leo naambiwa nikaanze darasa upya!

Ngoja niwasimulie tangu mwanzo, maana dhuluma ilianzia huko.

Dada mmoja Mkongo ninayesali naye ndiye aliyenipeleka kwenye nyumba ya wazee alikokuwa anafanya kazi. Walinikubali siku ileile: tunakuajiri, tunakusomesha, ukifaulu unalipwa kama CNA. Mafunzo hapa Texas ni saa 100, 60 za darasani na 40 za vitendo kwa wagonjwa (California ni 160, Maine 180, kwa hiyo walioko huko mambo yao ni marefu zaidi). Mtihani wa kwanza nilifeli. Nilimhamisha mgonjwa kutoka kitandani bila kufunga breki za kiti cha magurudumu. Hilo silalamikii, mtu angeanguka akavunjika nyonga. Nikarudia, nikafaulu.

Mshahara ukaja umepungua. Nikauliza ofisini, nikajibiwa: ada ya mafunzo, vitabu na mtihani. Dola 850, zikakatwa kwa awamu sita. Nikanyamaza. Ndiyo kwanza nimepata kibali cha kazi, kodi ya nyumba inanisubiri, na Tabora wanasubiri nitume. Ningegombana na nani?

Mwezi huu ndipo nimekaa nikasoma kanuni kwa macho yangu. Utaratibu huu wote wa CNA ulitokana na sheria ya shirikisho ya 1987. Nyumba ya wazee inayopokea fedha za Medicare au Medicaid (bima za afya za serikali), ikikuajiri au ikikuahidi kazi kabla hujaanza darasa, hairuhusiwi kukutoza chochote. Ada hapana, vitabu hapana, mtihani hapana. Hata ukijisomesha mwenyewe, ukiajiriwa kwenye nyumba kama hiyo ndani ya miezi 12 tangu umalize, jimbo linatakiwa likurudishie gharama kidogo kidogo kadiri unavyoendelea na kazi. Mwaka 2024 au 1994, ni kanuni ileile. Hao watu wa ofisini wanaijua, ni kazi yao kuijua. Tulikuwa sita darasani kwangu, wote wageni, na wote tulikatwa.

Sasa hili la cheti. Kila miaka miwili unakihuisha, na lazima uonyeshe umefanya kazi ya uuguzi ya kulipwa. Ukipitisha miezi 24 mfululizo bila kazi hiyo, unarudi kwenye mafunzo na mtihani. Naikubali, mgonjwa asiguswe na mtu aliyesahau kazi. Lakini mimi nilifanya! Miezi 16, mingi usiku, kuna siku tulikuwa wawili kwa wagonjwa 40. Nikaacha nijifungue. Mwezi mmoja kabla cheti hakijaisha nikapeleka fomu ya kuthibitisha kuwa nilifanya kazi kule kwa mwajiri wa zamani. "Acha hapo mezani, tutatuma." Nimerudi mara nne, mara mbili na mtoto kwenye mvua. Safari ya nne nikaambiwa nyumba imeuzwa, wenye mali wapya hawana kumbukumbu za wafanyakazi wa zamani. Wale wa zamani simu hawapokei. Hati zangu za mshahara ninazo zote, na makato ya dola 850 yanaonekana humo waziwazi. Wanayo kumbukumbu ya kunikata, ya kunithibitisha hawana?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kwa kawaida nyumba ya wazee hairuhusiwi kumtumia mtu asiye na cheti zaidi ya miezi minne. Machi 2020 corona ilipoanza kuua wazee, serikali iliweka kanuni hiyo kando, na msamaha ukadumu hadi Juni 2022. Wakitaka mikono yetu, kanuni inalegezwa. Mimi nikitaka saini moja tu, hakuna wa kunisaidia.

Nimeshapeleka malalamiko jimboni, ya makato na ya fomu, pamoja na nakala za mishahara. Nazitaka dola zangu zote 850, na nataka miezi yangu 16 ihesabiwe.

Ninaomba aliyewahi kurudishiwa makato ya mafunzo aniambie alipeleka karatasi gani na ilichukua muda gani. Na aliyehuisha cheti kwa hati za mshahara bila saini ya mwajiri, tafadhali ajitokeze. Wewe unayeanza darasa wiki ijayo kwa ahadi ya kazi, idai ahadi hiyo kwa maandishi yenye tarehe, na usisaini karatasi yoyote ya kuruhusu mshahara wako ukatwe. Ile ya kwangu ilikuwa katikati ya fomu za kodi, nikaisaini bila kuisoma.