Mrejesho: Msafara wa klabu hadi maonyesho ya pikipiki ufukweni

Wakuu, niliuliza namna ya kuongoza msafara wenye chopa (pikipiki zenye uma mrefu wa mbele) za tangi dogo hadi maonyesho ya pikipiki zilizoundwa upya, kando ya bahari. Tumerudi salama, asanteni sana. Ushauri wa kupanga vituo vya mafuta kwa kufuata tangi dogo kuliko yote ndio uliotubeba. Barabarani tulikaa kwa kupishana, mmoja kushoto na anayefuata kulia, sekunde 2 nyuma ya aliye mbele kwenye mstari wako; kwenye kona kali, wote mstari mmoja. Mzoefu wetu alikaa mwisho, hakuachwa mtu. Na zile pikipiki, jamani, kazi ya mikono ile! Matangi yamefinyangwa kwa nyundo, uchomeleaji hauonekani kabisa. Injini zilipopoa tuliosha chumvi, tukapaka minyororo oili.