Mjadala: Muziro mmoja, babu wa vizazi kumi nyuma. Waoane au wasioane?

Mkaazi wa Kisenyi

Mada naiweka wazi. Buganda kuna koo zaidi ya 50, kila ukoo na muziro wake, yaani mnyama au kitu cha mwiko kinachoutambulisha, na sharti ni lile lile: wa Ngeye haoi Ngeye, wa Nkima haoi Nkima, tena mtu haoi katika ukoo wa mama yake. Si Baganda peke yao. Basoga, Acholi, Bakiga, kila watu wana lao la namna hiyo. Sasa vijana wamekutana hapa Kampala, mmoja kwao Masaka, mwenzake kwao Mukono, ukoo mmoja. Babu wanayemchangia ni jina tu linalotajwa mtu anapolanya, yaani anapotaja nasaba yake. Wazuiwe?

Mimi nasema anayewazuia kwa kudai "damu ni moja" hana hoja. Kama ni mila, aseme ni mila, tubishane hapo.

Hesabu yenyewe ni hii. Una wazazi 2, mababu na mabibi 4, nyuma yao 8, na kuendelea. Ukifika kizazi cha 10 ni 1,024. Cha 20 unapita milioni moja, na ndiyo maana ukirudi mbali sana watu wale wale wanaanza kujirudia kwenye orodha ya kila mmoja wetu. Katika hao 1,024, ukoo unamfuata mmoja tu: baba wa baba wa baba mpaka juu. Ukiongeza yule wa ukoo wa mama ni wawili. Wale 1,022 waliobaki hakuna anayekuuliza habari zao.

Na huyo mmoja amekuachia nini? Kila mzazi humpa mtoto nusu ya DNA yake, lakini kwanza huchanganya alichopewa na baba yake na alichopewa na mama yake, kama mtu anavyochanga karata kabla ya kugawa. Kila kizazi vipande vinakatwa, vingine vinaachwa njiani moja kwa moja. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja wanashirikiana karibu nusu. Watoto wa ndugu wawili, asilimia 12.5. Wajukuu wa ndugu wawili, kama asilimia 3. Wanaokutana kwa babu wa kizazi cha 5, karibu nusu yao hawana kipande hata kimoja cha pamoja ambacho kipimo kinaweza kukiona. Cha 10 ndiyo usiseme: wengi wa wale 1,024 hawamo ndani yako kabisa, ingawa bila wao usingezaliwa.

Kitu kimoja tu kinaufuata ukoo kwa uaminifu, nacho ni kromosomu Y, inayotoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume karibu bila kubadilika. Bibi harusi hana Y. Kwa hiyo hata bwana harusi akiwa amebeba Y ya mwanzilishi wa ukoo wenyewe, mke wa ukoo ule ule hana ya kuongezea.

Sasa geuza upande. Bibi mzaa baba yako na bibi mzaa baba wa mchumba wako ni dada, wote Ffumbe. Mmoja aliolewa kwa Nkima, mwingine kwa Ngeye. Wewe ni Nkima, mama yako Lugave. Yeye ni Ngeye, mama yake Mamba. Muziro unawapitisha, na udugu wenu wa damu ni mkubwa kuliko wa wale wa ukoo mmoja mliowarudisha nyumbani wakilia.

Mwalimu Mstaafu, Masaka

Kijana, hesabu zako ni sahihi, nimezipitia na kalamu. Lakini nani alikuambia muziro ni kipimo cha maabara?

Ndoa kwetu ni pande mbili. Siku ya kwanjula, yaani bwana harusi anapotambulishwa rasmi kwa wakwe, upande mmoja unakaa huku, mwingine unakaa kule, wageni wanaingia wakiwa wageni kweli. Msemaji wa bwana harusi anaomba, msemaji wa bibi harusi anamtania na kumbana. Muko, kaka wa bibi harusi, anapokea jogoo wake. Ssenga, shangazi wa bibi harusi, anamtambulisha mkwe. Sasa niambie, wakiwa ukoo mmoja jogoo anatoka kwa nani kwenda kwa nani? Ssenga wa binti ni ssenga wa mvulana pia. Na siku wakikosana, binti akimbilie kwa nani? Akirudi kwao anakuta wazee wale wale wa mume. Sisi tuliitaka ndoa izae wakwe, na mkwe lazima atoke nje. DNA yako haina jibu la hilo.

Dereva, Mityana

Mwalimu anasema vizuri, ila niliyoyaona mimi hayakuwa mazuri. Nilimpeleka jamaa kwenye kukyala, ile ziara ya kwanza kwa ssenga kabla ya kwanjula. Tumekaa, soda zimefunguliwa, ssenga akamwambia kijana alanye. Akaanza vizuri: mimi mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, mutuba wa fulani, ssiga ya fulani, yaani matawi ya ukoo. Alipofika juu kwenye akasolya, kilele cha ukoo, akamtaja Kasujja, mkuu wa Ngeye. Ssenga hakusema neno, aliitazama tu chupa yake. Binti naye ni Ngeye. Wameishi kwenye mapenzi muda wote huo bila kujua, kwa sababu kijana anatumia jina la kizungu na la baba yake ambalo halionyeshi ukoo. Sukari na sabuni tulizoleta zikarudi kwenye buti ya gari.

Wapo pamoja hadi leo, wamepanga Nansana. Hakuna kwanjula, hakuna pete, wazazi hawapokei simu. Sasa mila imelinda nini hapo?

Mwalimu Mstaafu, Masaka

Imelinda wengine wasifuate. Na kosa si la mila, ni la wazazi kuwapa watoto majina yasiyo na ukoo. Zamani binti alijua muziro wako ukishajitambulisha tu.

Muuguzi

Mimi nipo wodi ya watoto, naomba niwaondoe kidogo kwenye muziro. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa 2016, uliotumia damu ya watoto wadogo kutoka nchi nzima, ulikuta asilimia 13.3 wamebeba jeni ya selimundu, na asilimia 0.7 wanaugua kabisa. Kule Bwamba, Bundibugyo, Lehmann na Raper waliripoti mwaka 1949 wabebaji wanaofika asilimia 45. Si laana. Anayebeba jeni moja anakingwa kiasi dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana jeni hiyo imeenea palipo na mbu wengi.

Mama AS, baba AS, yaani wote wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuugua. Kila mimba, siyo kwamba akishaugua mmoja watatu wanaofuata wamesalimika. Hao wazazi ninaowapokea saa nane za usiku, mtoto analia mifupa, ni Nkima na Mpologoma, ni Mganda na Mtoro, ni watu waliokaguliwa ukoo mpaka kwa babu wa babu. Kipimo cha damu hakuna aliyewauliza. Msemaji anayeweza kumbana kijana nusu saa kuhusu ssiga yake hashindwi kuomba cheti cha maabara.

Mnubi wa Bombo

Salaam alaikum. Mnashangaza kidogo. Sisi Waislamu, Sura An-Nisaa aya ya 23 imetaja wa kutooa: mama, dada, shangazi, mama mdogo, na kuendelea. Binamu hayumo. Hapa Bombo wapo waliooa binti wa ami na watoto wao wazima. Nyinyi mnabishana babu wa kizazi cha 10!

Muuguzi

Alaikum salaam, kaka. Binamu wa moja kwa moja si sawa na hao. Kwa wazazi wasio ndugu, watoto kama asilimia 2 hadi 3 huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile. Wazazi wakiwa binamu, inakuwa karibu mara mbili. Maana yake wengi sana wanazaliwa wazima, ulivyosema, lakini hatari ipo, na ikirudiwa kizazi baada ya kizazi katika nyumba ile ile inapanda. Kuruhusiwa na dini hakukatazi kupima.

Mpenda Sheria

Msisahau sheria. Sheria ya Usajili wa Ndoa za Kimila, ya 1973, inasema ndoa ya kimila ni batili kama mila ya mmoja wao inaikataza. Kwa hiyo hao wa Nansana hata wakifanya kwanjula kwa siri, mbele ya hakimu hawana kitu. Talaka, mirathi, vyote vinayumba. Labda wajaribu ndoa ya serikali kwa msajili. Kule sheria inataja udugu wa karibu.

Na Mwalimu atujibu: pande mbili za ukoo wa Mamba, Mamba ya Gabunga na Mamba ya Kakoboza, wanaoanaje? Muziro mmoja ule.

Mwalimu Mstaafu, Masaka

Wanaoana kwa sababu ni wengi mno, na kila upande una mkuu wake. Wazee walikaa wakaamua. Sijasema mila haisogei. Nasema isisogezwe na mtu mwenye kikokotoo.

Mama Busia

Mimi namwogopa zaidi huyu wa Kisenyi kuliko Mwalimu. Baba yangu, ukishaleta DNA kwenye ukoo hutaitoa tena. Leo unasema "pimeni, hamna damu moja, oaneni". Kesho kwenye kilio mtu atasema "pimeni Y, huyu si wetu, asipate kibanja". Tumeona wanaume wanavyokimbilia maabara ya serikali Wandegeya kupima watoto waliowalea mpaka sekondari. Koo hizi zimepokea watu wa kila namna: mateka wa vita, watoto wa kambo, wageni waliokuja kulima wakabaki. Wakapewa jina na muziro, wakazikwa kwenye makaburi ya ukoo. Ukiwapima leo Y zao zitatofautiana, na wao ndio ukoo wenyewe.

Mkaazi wa Kisenyi

Mama, hapo tuko pamoja kuliko unavyodhani. DNA isitumike kumfukuza mtu kwenye ukoo, kwa sababu ukoo haukujengwa na DNA. Basi isitumike pia kumtisha kijana kwamba atazaa vilema na binti ambaye babu yao alikufa kabla ya yule Mzungu Speke hajafika. Kama koo zimejaa watu walioingia kwa kupokelewa, ile "damu moja" ilishavunjika zamani, na aliyeivunja si mimi.

Ninachotaka ni vitu viwili. Wakuu wa koo wakae, kama walivyokaa Mamba, waseme waziwazi mtu akipita vizazi vingapi na ssiga tofauti anaruhusiwa. Na kwenye kukyala, kabla ya kulanya, kiulizwe kipimo cha selimundu, na mabibi wa pande zote nne watajwe kwa majina na walikozaliwa. Hapo ndipo ndugu wa karibu wanapojificha.

Mwalimu Mstaafu, Masaka

La mabibi ni zuri, zamani mabibi walikuwa wanakumbukwa, ni sisi tulioacha. La selimundu hata kesho. La kwanza sikubali, na nikiitwa kwenye kikao nitasema hivyo hivyo. Hao wa Nansana, mtoto wao akizaliwa, nani atampa jina, wa kwa baba au wa kwa mama?

Dereva, Mityana

Amezaliwa tayari, Mwalimu, wa kiume. Jina ni la Kingeye. Kwa upande wowote ule wangempa jina gani jingine?