Diski ya zamani ya IDE haizunguki kwenye adapta ya USB

Swali: Wakuu, nina diski ya IDE (aina ya zamani ya kiunganishi cha diski) ya inchi 3.5, pini 40. Nimeiunganisha kwa adapta ya USB. Taa ya adapta inawaka ila diski haizunguki. Shida nini?

Jibu: Umeme, mkuu. USB hutoa volti 5, mota ya diski hiyo inataka 12. Chomeka pawa saplai ya adapta kwenye soketi ya pini 4 ya diski. Diski ya laptop ya inchi 2.5, pini 44, haina haja nayo.

Jibu: Jampa nayo (kile kiplastiki kidogo cha kuunganisha pini nyuma ya diski) iweke Master, yaani diski kuu; ikiwa Slave, yaani diski ya pili, adapta nyingi haziioni diski. Washa umeme, isikie ikizunguka, ndipo uchomeke USB.

Jibu: Windows ikikuambia ufomati, yaani ufute diski iandaliwe upya, kataa kabisa! Huenda diski ilitumika kwenye Linux au Mac, ndiyo maana Windows haiisomi.