Kofia ya gego lililotibiwa mzizi: zirkonia, chuma chenye kauri, au dhahabu?

Gego_la_Sita
Wakuu, salaam. Gego langu la chini kulia lilitibiwa mzizi (neva ya ndani ikatolewa) wiki mbili zilizopita. Kwa sasa limezibwa kwa muda tu, na daktari amenionya nisichelewe kulivalisha kofia, yaani ganda gumu linalofunika jino lote. Amenipa chaguo tatu: zirkonia (aina ya kauri nyeupe ngumu), chuma kilichovikwa kauri, au aloi ya dhahabu (dhahabu iliyochanganywa na metali nyingine). Alinieleza kwa upole, ila nilikuwa na ganzi nusu ya uso na mengi yalinipita. Jambo jingine: nasaga meno usingizini. Mke wangu ndiye anayesikia. Mliovaa kofia miaka mingi, mngechagua ipi? Na je, ni lazima kweli? Jino lenyewe haliumi tena.

Mama_Pacha
Pole ndugu yangu. Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo lililoniponza. Mimi nami nilisema haliumi, nikakaa karibu mwaka mzima na kizibo cha muda. Siku moja natafuna upande ule nikasikia "ta!". Jino lilikuwa limepasuka wima hadi chini ya fizi. Hapakuwa na la kuokoa, likang'olewa. Tafadhali usingoje.

Tabibu_Kinywa
Mama Pacha amesema kweli, na sababu yake ni hii. Ili kuifikia mizizi, daktari hutoboa dari ya jino, na mara nyingi ubovu ulikwisha kula kuta kabla yake. Zinazobaki ni ncha zilizosimama bila kushikana, na kila ukitafuna unazisukuma zitengane. Kofia huzifunga pamoja. Ndiyo maana magego yaliyotibiwa mzizi huhitaji kofia, au angalau kizibo kikubwa cha maabara kinachofunika ncha zote, wakati jino la mbele lenye kuta nzima mara nyingi hutosheka na kuzibwa tu.

Kabla ya kuuliza kofia ya aina gani, muulize daktari wako swali moja: jino langu limebaki na urefu gani juu ya fizi? Tunataka ukingo wa jino lenyewe, si wa kizibo, wa milimita 1.5 hadi 2 kuzunguka pande zote. Fikiria ile pete ya chuma inayofungwa kwenye mpini wa kisu ili mti usipasuke. Kofia inafanya kazi ile ile, lakini pete haina faida kama hakuna mti wa kushika. Jino fupi mno litaangusha hata kofia ya thamani kubwa.

Fundi_Maabara
Natengeneza kofia hizi kila siku, kwa hiyo niruhusuni niende polepole kidogo.

Zirkonia huchongwa na mashine kutoka kwenye kipande ambacho bado ni laini kama chaki. Tunaichonga kubwa kuliko jino kwa takriban asilimia 20 hadi 25, kisha inaingia tanuru ya nyuzi 1,500 hivi, inasinyaa na kufikia kipimo chake. Ikitoka hapo ni ngumu mno kuvunjika. Kwa msagaji wa meno, ile ya kipande kimoja, isiyopakwa kauri juu, ni chaguo zuri. Wengi huogopa kwamba italisaga jino la juu linalokutana nayo. Ninavyoona mimi, ikiwa imeng'arishwa vizuri haina ukatili huo. Ukatili uko kwenye zirkonia iliyokwaruzwa. Daktari akiipunguza kwa mashine mdomoni ili meno yakutane sawa, kisha akaiacha hivyo hivyo, ameacha msasa kinywani mwako. Mwombe aing'arishe tena kabla hujainuka kwenye kiti. Hili naliomba kwa moyo wote, maana kofia nzuri nyingi huharibiwa katika dakika zile za mwisho.

Chuma chenye kauri: ndani ni kikombe cha chuma, juu tabaka za kauri zilizochomwa moja baada ya nyingine. Ina historia ndefu na inashika vizuri. Udhaifu wake ni kauri kubanduka vipande, hasa kwa wanaosaga, na fizi ikishuka unaweza kuona mstari mweusi pembeni. Pia inahitaji nafasi ya chuma na kauri pamoja, hivyo jino hupunguzwa zaidi. Kama ngozi yako huwasha ukivaa hereni au saa za bei rahisi, mwambie daktari, kwani baadhi ya aloi zina nikeli.

Aloi ya dhahabu: watu huikimbia kwa rangi na kwa gharama. Kiufundi siioni yenye kuipita kwa gego la nyuma. Hutengenezwa nyembamba, kwa hiyo jino lako hupunguzwa kidogo. Husagika kwa mwendo unaokaribia enameli (tabaka gumu la nje la jino), haibanduki, na ukingo wake hukaa vizuri sana kwenye jino.

Kuna pia kauri ya lithiamu disilikati, inayopitisha mwanga kama jino halisi. Kwa meno ya mbele naipenda. Kwa gego la mtu anayesaga, daktari wako amefanya vyema kutoitaja.

Mzee_wa_Chonge
Fundi, nakuheshimu, lakini usiwatishe watu na chuma chenye kauri. Yangu imekaa miaka 22 bila kubanduka hata kipande. Ilitolewa kwa sababu jino chini yake lilioza ukingoni, na hilo lilikuwa kosa langu: nilidhani jino lenye kofia halihitaji mswaki kama mengine.

Fundi_Maabara
Nakubali mzee wangu, na miaka 22 ni mingi. Kofia nyingi huhesabiwa kukaa 10 hadi 15. Isipokuwa wewe hujasema unasaga meno. Mwenye swali anasaga.

Dada_Uzi
Mzee wa Chonge ametaja jambo ambalo nataka tulikazie. Kofia yenyewe haiozi. Panapooza ni pale inapokutana na jino, karibu na fizi, na huwezi kupaona kwa kioo. Hata eksirei haipenyi chuma wala zirkonia kuonyesha kilicho ndani. Na kwa jino lililotibiwa mzizi ni hatari zaidi, kwani hakuna neva ya kukuamsha kwa maumivu. Piga mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili, dawa yenye floridi, ukiinamisha nywele za mswaki kuelekea fizi. Uzi kila usiku. Palipo na pengo, tumia kijiswaki cha katikati ya meno.

Kuhusu kofia ya muda utakayovalishwa ukingoja ile ya maabara: ukipitisha uzi, usiuinue juu, uvute utokee pembeni. Tafuna upande wa pili na uache vitu vya kunata. Ikitoka, ioshe, itunze, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Usiibandike kwa gundi ya nyumbani, na usilale nayo ikiwa inacheza, unaweza kuivuta kwenye njia ya hewa. Pia usikae bila kitu, meno ya jirani husogea na kofia mpya ikakataa kuingia.

Mgeni_Hapa
Samahani nadandia. Langu halikutibiwa mzizi, nimevalishwa kofia siku tano zilizopita na maji baridi yananichoma. Nirudi?

Tabibu_Kinywa
Mchomo wa baridi unaopita haraka ni wa kawaida kwa jino lililo hai, na hupungua siku hadi wiki chache. Maumivu unapouma kitu ni jambo jingine. Mara nyingi kofia iko juu kidogo na inarekebishwa kwa muda mfupi, rudi usivumilie. Jino likianza kupwita lenyewe, kukuamsha usiku, au fizi ikivimba, nenda mara moja.

Gego_la_Sita
Nimerudi. Nilimuuliza daktari lile swali la urefu. Amepima: milimita 2 pande tatu, upande wa ulimi moja na nusu. Nimechagua zirkonia ya kipande kimoja. Dhahabu ilinivutia baada ya maelezo ya Fundi, lakini nikicheka gego hilo linaonekana, na najijua, ningeanza kufunga mdomo. Nimemwambia kuhusu kung'arisha, akanionyesha vifaa vyake vya mpira vya kazi hiyo. Swali moja limebaki: kinga ya usiku, ile ya kuvaa juu ya meno nikilala ili nisiyasage, nitengenezewe sasa au baadaye?

Tabibu_Kinywa
Baadaye. Kinga hufuata umbo la meno kama yalivyo siku ya kupimwa. Ukiitengeneza leo, kofia ikiingia haitakaa. Lakini usichelewe, na usisahau kuibeba kila unapokwenda kukaguliwa.

Gego_la_Sita
Asante daktari. Kofia inabandikwa Jumanne, vipimo vya kinga nimepangiwa wiki inayofuata. Mke wangu ameweka alama kwenye kalenda zote mbili.