Kuvua Watamu nusu siku na mtoto, sijawahi kushika mshipi. Nianzie wapi?

Mtu_wa_Nakuru
Wadau habari zenu. Mimi mtu wa bara, samaki namjua akiwa kwenye sahani. Desemba nashuka Watamu na kijana wangu wa miaka 12 na amenikalia shingoni anataka tukavue baharini, sio kule mbali kwa masulisuli, masaa manne tu hapo nje ya mwamba halafu turudi. Je bei ni ya mtu au ya boti? Na samaki tukiwapata ni wetu? Na mimi hata matatu ya Mau Summit inanichafua roho, nitaweza kweli?

Kolikoli_Gede
Karibu pwani kaka. Desemba sawa, upepo wa kusi umeshaisha, wa kaskazi unaingia, ila toka mapema, saa kumi na mbili asubuhi uwe majini maana mchana upepo unachangamka. Kabla hujalipa angalia mwezi. Ukiwa mchanga au mpevu ni bamvua, yaani maji yanajaa na kupwa kupita kiasi, yanakimbia kwenye mlango wa mwamba mpaka chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, haikai chini, na siku hizo maji yanapwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, yaani saa ile ile mnarudi, boti haifiki ufukweni mnashuka mbali mnatembea juu ya miamba na mafuma, wale wadudu wa miiba. Chagua maji mafu, siku za nusu mwezi maji yakiwa hayapandi wala kushuka sana.
Bei kwa kawaida ni ya boti nzima. Uliza kama petroli na chambo vimo ndani. Na akikwambia mtavua pale kwenye matumbawe penye boti za sakafu ya vioo, kimbia, hapo ni hifadhi ya bahari tangu 1968, iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori, kuvua ni kesi.

BintiMida
Suala la samaki usilichukulie poa. Boti nyingi za watalii huku desturi yao samaki ni wa boti, mgeni anapewa wa kula jioni tu. Si wizi, ndivyo kazi yao ilivyo, lakini sema mapema. Mimi mwaka fulani nilimpa kijana mmoja wa bichi dipoziti, kesho yake ikaja boti nyingine kabisa, laifujaketi mbili na moja haina kifungo, nikashuka. Hela ikaenda hivyo hivyo. Siku hizi naiona boti kwanza, naongea na nahodha mwenyewe, mkono hauingii mfukoni kabla ya hapo.
Kuhusu roho kuchafuka, usiende na njaa na usile viazi karai usiku wa manane, kula mkate mkavu, kaa katikati mbali na moshi wa injini, macho yawe kule mbali bahari inapokutana na mbingu. Ukianza kuchezea simu umekwisha. Dawa ipo, muulize mfamasia, inamezwa kabla ya kupanda sio ukishaanza kutapika.

Mzee_Kobole
Mnamtisha mwenzenu. Mwanangu, usirambaze siku ya kwanza, yaani kuburuta chambo nyuma ya boti ikitembea, utakaa masaa mawili unatazama povu na mtoto atalala. Mwambie nahodha atie nanga nje ya mwamba mvue kwa mshipi wa mkono, chambo vipande vya ngisi. Mimi nilifundishwa kwa kufungwa kipande cha tyubu ya baiskeli kidoleni, kwa sababu samaki kolikoli akikimbia na mshipi unachinja nyama. Changu anadonoa donoa kwanza, tulia, akivuta kweli ndio unamkaza. Tewa ni kinyume, ukimpa nafasi anaingia pangoni na hapo kata tu mshipi. Tasi ana miiba yenye sumu, mwachie nahodha amtoe. Bunju anayejivimbisha arudishwe majini, haliwi.

Kolikoli_Gede
Mzee hapo kwa mshipi wa mkono sikubaliani sana, mtoto wa 12 ataona raha zaidi na fimbo yenye rili.

Mzee_Kobole
Fimbo anavua fimbo. Mshipi anavua yeye.

Mtu_wa_Nakuru
Hahaha shikamoo mzee, mshipi basi. Asanteni nyote, ila nimesahau kusema, kijana hajui kuogelea vizuri. Hiyo ni shida?

BintiMida
Mvalishe laifujaketi ufukweni, ingia naye maji ya kiunoni alegeze mwili aone inavyombeba. Ikimpanda masikioni ni kubwa, ombeni ya mtoto. Wakisema hawana, boti ziko nyingi.